UFUKWE ULE SI BIKIRA

Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, ili nikianza kuwasema wengine msije mkadhani najifanya msafi.

Miaka miwili iliyopita niliandika hadithi fupi yenye ufukwe ndani yake. Niliiandika usiku, chumbani Mabibo, feni likizunguka kwa kusuasua na jirani akigombana na mkewe. Ufukwe wangu ulikuwa na mchanga mweupe kama sembe, maji ya buluu, minazi inayopunga mikono, na msichana aliyeshuka kwenye gari akavua viatu. Niliuita "ufukwe bikira, ambao haujaguswa na mkono wa binadamu". Nikauweka Saadani, kwa sababu jina lilinipendeza masikioni na kwa sababu nilikuwa nimeokota kijikaratasi cha watalii chenye picha ya tembo amesimama kando ya bahari. Hadithi ilisomwa kwenye kikundi chetu, ikapigiwa makofi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: wewe bwana, Saadani umefika?

Sikuwa nimefika. Na nina hakika kabisa kwamba nusu ya wanaosoma ukurasa huu wameandika ufukwe wa namna hiyo hiyo bila kufika kokote zaidi ya Coco Beach kula mihogo. Nimezisoma kazi zenu, wandugu. Upepo mwanana. Jua linalozama kama chungwa. Mawimbi yanayobusu mchanga. Jamani, mchanga huu umebusiwa mpaka umechoka!

Mwaka jana mwezi wa saba nilikwenda. Basi lilitutoa Dar es Salaam mpaka Chalinze, likapita Msata, likavuka mto Wami, likafika Mandera, kisha tukaiacha lami na kuanza kurushwarushwa kuelekea Miono na baharini. Tulifika nguo zikiwa nyekundu kwa vumbi. Nililala gesti kijijini, asubuhi nikalipa kiingilio cha Mtanzania, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, nikaingia hifadhini na wenzangu tuliochangia gari.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaki mtu aseme nimekwenda kuponda. Saadani ni pazuri mno. Hifadhi ile, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100, na ndani yake nyika inashuka mpaka inagusana na Bahari ya Hindi. Asubuhi ile niliona twiga, kongoni na kuro. Mchana niliona viboko kwenye mto Wami, na mamba amelala kwenye tope kama gogo. Jioni nilisimama ufukweni peke yangu, nikatazama kulia hakuna mtu, nikatazama kushoto hakuna mtu, mchanga umenyooka hadi macho yanachoka. Kwetu sisi tuliozoea daladala, ukimya wa namna ile unakaribia kuogopesha. Nilikaa chini nikanyamaza kama saa nzima.

Lakini mambo mawili yalinisumbua. La kwanza, maji hayakuwa ya buluu. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mto Wami unatoka mbali bara ukiwa umebeba udongo, unaumwaga baharini, na bahari ya pale haina aibu kuonyesha ilichopewa. La pili, nilikuta vibanda. Vibanda vya makuti, vitupu, na karibu yake majivu ya moto wa zamani na kipande cha wavu mkuukuu. Nikasema moyoni: mbona kijikaratasi hakikuviandika hivi?

Kesho yake nilirudi upande wa kijiji. Maji yalikuwa yametoka, wakati wa bamvua, na katika pwani yetu bamvua si mchezo, maji hupanda na kushuka hadi kiasi cha mita 4. Bahari ilikuwa imerudi nyuma kabisa. Huko mbali niliwaona wanawake wawili wawili wakikokota kitambaa majini wanatanda uduvi. Chini ya mti nikamkuta mzee anatia kalafati kwenye mashua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kutazama wanyama?"

"Nimekuja kutazama ufukwe, babu."

"Upi?"

Nikakwama. Mimi nilijua ufukwe ni mmoja. Yule mzee akaweka nyundo chini, akaanza kunionyesha kwa kidole. Kipande kile cha pale kina jina, ndipo nyavu zinapoanikwa. Kile kingine kina jina, maji yake yana mkondo unaovuta, usioge hapo. Mbele zaidi ni dago, wavuvi huja na msimu, wakafunga vibanda vyao, upepo ukigeuka wakaondoka. Kila kipande alikitaja kama mtu anayetaja watoto wake. Majina yenyewe nayaacha kwa wenyewe, maana sikuyaomba kwa ajili ya kuyachapa. Nilipomwambia kwamba huko mjini tunaandika kuwa ufukwe huu haujaguswa, hakukasirika. Alicheka, akasema, "Haujaguswa na nani?"

Hilo ndilo swali langu leo kwa kila kijana anayeshika kalamu. Haujaguswa na nani?

Tuanze na historia, kwa kuwa shule tulipita, ingawa wengi tulikariri ili tufaulu tu. Saadani ilikuwa bandari. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka bara ikaishia pale, ikishindana na Bagamoyo. Katika miaka ya 1870 wamisionari wa Kiingereza walijaribu njia ya kutoka Saadani hadi Mpwapwa wakitumia maksai wa kuvuta mizigo, na ndorobo wakawamaliza maksai wale. Wajerumani walipokuja kutaka pwani yote, mtawala wa Saadani, Bwana Heri bin Juma, alikataa. Wakati Abushiri anapigana Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri alipigana hapa, na mwaka 1889 Saadani ilipigwa mizinga kutoka baharini. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo. Bwana Heri aliendelea kupigana akiwa porini mpaka 1890.

Mchanga ule uliopigwa mizinga ndio tunaouita bikira. Kuna watu wamezikwa pale.

Na washairi wa wakati ule hawakulala. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi mzima, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na aliutunga muda mfupi tu baada ya vita, habari zikiwa bado mbichi. Huyu alikuwa mtu wa pwani hii hii. Hakuwa na feni wala kikundi cha kumpigia makofi, lakini alijua kwamba pwani ni mahali ambapo watu hufanya mambo na kufanyiwa mambo. Sisi tuliokuja zaidi ya miaka 100 baadaye, tulio na vitabu na simu mkononi, tunaandika pwani kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni jana asubuhi.

Kuna atakayesema, hayo ya Wajerumani ni ya kale, sasa pori limerudi kuwa pori. Haya, tuangalie pori. Sehemu kubwa ya kaskazini ya hifadhi ile, upande wa Mkwaja, ilikuwa ranchi ya ng'ombe tangu miaka ya 1950 hadi mwaka 2000. Maelfu ya ng'ombe walilishwa pale, wakihangaishwa na ndorobo wale wale waliowamaliza maksai wa wamisionari. Ranchi ikafungwa, ardhi ikaingizwa hifadhini. Kwa hiyo mahali unapopiga picha na kuandika "nyika ya asili tangu enzi za Adamu", huenda babu yako mdogo alichunga hapo kwa mshahara wa mwezi.

Nafahamu mtanijibu vipi, maana nimeshasikia. "Bwana wee, fasihi ni ubunifu. Mwandishi si bwana ardhi wala si mwalimu wa historia. Neno bikira ni tamathali tu." Sawa. Mimi sipingi ubunifu. Napinga uvivu unaojificha nyuma ya ubunifu. Na neno hili, wandugu, lina kazi nyingine inayolifanya liwe la hatari, nayo ni hii: kitu kisichoguswa hakina mwenyewe.

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni lake Afrika Mashariki ambayo mtu hawezi kuthibitisha kuwa ni yake, ni ya dola. Uthibitishe kwa karatasi gani, wakati babu yako alithibitisha kwa mnazi na kaburi? Tukapata uhuru, tukatunga sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Soma tena maneno hayo: isiyokaliwa au isiyotumika. Sasa nirudishe kwenye dago. Vibanda vile nilivyovikuta vitupu mwezi wa saba, je, ni ardhi isiyotumika? Mgeni aliyekuja siku moja na kamera atasema ndiyo. Mvuvi anayehesabu mwaka kwa kusi na kaskazi atakucheka. Dago linatumika kwa kuachwa na kurudiwa, kama shamba linavyopumzishwa. Lakini kwenye karatasi, kuachwa ni kuachwa.

Ndiyo maana nasema sentensi yako nzuri kuhusu ufukwe mtupu si sentensi tu. Inamsaidia yule anayetaka paonekane patupu. Kitongoji cha Uvinje, kilichoko pale pale kando ya bahari, kimekuwa na mgogoro wa mpaka na hifadhi kwa miaka mingi. Sitaki kuamua kesi hapa, sina mamlaka hayo, na hoja zipo pande zote mbili. Ninachouliza ni kitu kidogo: katika hadithi na mashairi yetu yote ya Saadani, ni nani aliyewahi kumweka mtu wa Uvinje hata kama mpita njia? Tumeweka tembo. Tumeweka msichana wa mjini na viatu vyake mkononi. Mwenyeji hayumo.

Sasa nigeukie kundi la pili, maana wapo ambao wameshaanza kushangilia. Ninyi mnaosema "hifadhi ni mambo ya wazungu, wanyama wana thamani kuliko watu, mwandishi wa kweli anaandika njaa na rushwa, si ndege na kasa". Na ninyi mmepotea. Nani kakudanganya kwamba kasa ni wa mzungu? Kasa ana jina katika lugha yako kabla meli ya kwanza ya Ulaya haijaonekana. Upande wa kaskazini wa hifadhi, ufukwe wa Madete, kasa wa kijani hupanda usiku kutaga. Jike hutambaa akilia machozi ya chumvi, akachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, akaacha humo mayai zaidi ya 100 kwa kawaida, akafukia, akarudi majini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka. Mchanga ukiwa na joto zaidi wengi huwa majike, ukiwa baridi zaidi wengi huwa madume. Wanapotoka hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni bahari inayong'aa. Ukiweka hoteli yenye taa kali hapo, watoto wale watageuka na kutambaa kuelekea baa.

Hebu niambie, kuna hadithi gani ya rushwa yenye mwisho wa kusikitisha kuliko huo? Hakuna haja ya kuchagua kati ya kasa na mtu. Taa itakayompoteza kasa ndiyo itakayowekewa ukuta wa kumzuia mvuvi asipite. Anayewafukuza wote wawili ni mmoja.

Na kama mnadhani natia chumvi, msiende mbali. Nendeni Mbezi Beach, au nendeni Msasani, mkatafute njia ya kufika baharini bila kupita kwenye geti la mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60! Kuna mahali kwenye jiji hili ukitembea hatua 60 kutoka majini utakuwa umeshavuka bwawa la kuogelea la mtu na jiko lake. Ufukwe ulikuwa wetu, tukauimba, tukauita mwanana, siku moja tukakuta mlinzi na mbwa. Hakuna mwandishi wa rika letu aliyeandika jinsi njia moja baada ya nyingine ilivyozibwa. Tulikuwa tunaangalia jua likizama.

Saadani bado haijafika huko, kwa sababu imelindwa. Hapa nataka nieleweke: imelindwa. Usafi ule niliouona jioni ile haukutokana na kuachwa peke yake. Upo kwa sababu askari wa wanyamapori wanalala porini wakiumwa na ndorobo, na kwa sababu watu wa vijiji vya pwani wamekubali, mara nyingine kwa shingo upande, wasikate mikoko, wasichimbe mayai ya kasa, wasivue kwa baruti. Katika pwani yetu shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi na wanavijiji wanaoamka alfajiri kufuata nyayo za kasa na kuweka alama kwenye viota. Huyo anayeamka alfajiri ameugusa ufukwe kila siku. Ukimwita mchanga wake "haujaguswa" umemnyang'anya kazi yake.

Na barabara inakuja. Ile ya kutoka Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani imekuwa ikijengwa kwa vipande. Sisemi isijengwe. Mama anayepeleka kamba sokoni anaitaka kuliko mimi, na mgonjwa anaitaka kuliko wote. Nasema tu kwamba lami ikishafika, watu wenye pesa watafika nayo, na swali la kwanza watakalouliza litakuwa: hapa pana mtu? Itafaa sana kama siku hiyo kutakuwa na kurasa zilizokwisha kuandikwa, kwa Kiswahili, zinazojibu: ndiyo, pana watu, na hivi ndivyo wanavyopaita.

Sasa tufanye nini? Mimi si mtu wa maazimio, lakini nina mambo matatu.

Kwanza, nauli. Kabla hujaandika ufukwe, nenda ufukweni. Kama huna ya Saadani, unayo ya Kigamboni au Kunduchi. Kaa hapo tangu maji yanatoka mpaka yanarudi. Usipige picha. Uliza.

Pili, maneno. Kiswahili cha pwani kina bamvua na maji mafu, kina kusi na kaskazi, kina dago, jarife, dema na kalafati. Sisi tumeyaacha yote, tukabaki na "mandhari ya kuvutia". Mtu mwenye maneno hayo hawezi kuandika ufukwe mtupu hata akitaka, maana kila neno limekuja na mtu wake.

Tatu, tope. Andikeni tope. Nilikwambieni kwamba maji ya Saadani yana rangi ya chai ya maziwa. Nilipomlalamikia yule mzee, alinishangaa sana. Tope lile ndilo linalolisha kamba kwenye mikoko ya mlango wa Wami, na kamba ndio waliomsomesha mwanawe. Kijikaratasi cha watalii kinaficha tope kwa sababu kinauza kitanda. Wewe huuzi kitanda. Unaficha nini?

Hadithi yangu ile nimeitoa kabatini na kuianza upya. Msichana wa viatu nimemwacha, hana kosa. Ila sasa anaposhuka kwenye gari anakuta mwanamke mwenye ndoo ya uduvi, na anapaswa kumsalimu kwanza. Sijui watakachoongea baada ya hapo. Nimekwama ukurasa wa nne kwa sababu kuna mambo ya uduvi bado siyajui, na mwezi ujao bamvua likifika narudi kuuliza. Kuna nafasi kwenye basi. Anayetaka kwenda aje na nauli yake.